Asanteni kwa Kula Zenu

Mama aliyezikwa Jumamosi iliyopita huko Ijuganyondo ndiye aliyewahi kumfanya diwani awashukuru wapiga kura wake kwa kula. Maneno yenyewe yalikuwa juu ya keki, kwa krimu nyekundu, herufi kubwa zilizopandiana kama watu wanaogombea kiti: ASANTENI KWA KULA ZENU. Picha yake ilizunguka kwenye simu za watu, ikavuka ziwa hadi Mwanza, ikarudi, na nina hakika baadhi yenu mnaosoma safu hii mliiona na kucheka bila kujua imetoka jiko gani. Ilitoka kwenye jiko la nje la mama mmoja mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake, ambaye sitamtaja jina kwa sababu safu hii haina desturi hiyo, na kwa sababu hata majirani zake walikuwa wamelisahau. Kwetu mwanamke wa heshima huitwa Ma, kisha jina lake. Yeye aliitwa Ma Keki. Padri alipotaja jina lake la ubatizo siku ya mazishi, niliona watu wakitazamana, kana kwamba wanaulizana kama wamekosea msiba.

Amekufa akiwa na keki moja ambayo hajaioka. Ni keki aliyoitaka kuliko zote alizowahi kuziweka motoni, ya harusi ya mjukuu wake wa pekee, binti aliyemlea tangu hajaota meno. Presha ilimpanda ghafla, ikamchukua kabla familia haijakubali aioke. Nitafika huko. Lakini ili mwelewe kwa nini familia ilisita, na kwa nini yeye hakukata tamaa hata kidogo, lazima kwanza niwaeleze alikuwa muokaji wa namna gani.

Nianze na diwani, maana nilikuwepo. Alikuwa wa kata moja ya Muleba, ameshinda kwa taabu, na mkewe alitaka sherehe itakayowanyamazisha waliosema hatashinda. Mimi nilikwenda kama mwandishi, na kalamu na njaa yangu. Mke wa diwani alikuwa amemwagiza Ma Keki aandike ASANTENI KWA KURA ZENU. Wala hakukosea kuagiza, na Ma Keki hakukosea kusikia. Tatizo lilikuwa letu sote. Sisi tuliokulia kwenye Kihaya na kukutana na Kiswahili darasani, r na l kwetu ni mapacha. Tunajua kuwa ni wawili, ila akiitwa mmoja kwa haraka anaitika yeyote. Mshereheshaji, naye mtu wa hapahapa, aliyasoma maneno yale kwa kipaza sauti bila kugundua lolote, kwa kuwa yalivyoandikwa ndivyo alivyoyatamka. Watu wakapiga makofi. Aliyeharibu mambo ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari aliyekaa safu ya pili, aliyeanza kutikisika mabega, akajifuta machozi, kisha akamnong'oneza jirani yake. Kicheko kikasafiri kutoka kiti hadi kiti mpaka kikafika nyuma, ambako mzee mmoja alisema kwa sauti ya kutosha kwamba angalau huyu ameanza na ukweli.

Mke wa diwani hakucheka. Alimfuata Ma Keki alipokuwa amesimama na kisu chake cha kukatia, akamuuliza mbele ya watu kama kweli mtu mzima hajui tofauti ya kura na kula. Ma Keki alimtazama kwa upole mkubwa, akamjibu akianza na lile neno letu la heshima.

"Waitu, tofauti naijua," alisema. "Kura walishapiga. Leo wamekuja kula."

Sijawahi kuona hasira ikikosa pa kukaa namna ile. Diwani mwenyewe, ambaye hadi wakati huo alikuwa ameinamia keki kama anayetafuta pa kujificha, alichukua kipaza sauti akasema asanteni kwa zote mbili, na sherehe ikawa nzuri kuliko ilivyopangwa. Hadi leo, kwenye mikutano ya kata ile, mtu akitaka kumkumbusha ahadi ya kalavati huanza kwa kumshukuru kwa kula, na yeye hujua mara moja kinachofuata. Nimeandika habari nyingi za kuwabana viongozi katika maisha yangu ya kazi. Sidhani kama kuna iliyobana kama ile keki.

Alijifunzia wapi? Akiwa msichana alifanya kazi za nyumbani Bukoba mjini, kwa familia moja ya wenye duka, Wahindi wa siku nyingi, ambao wameshahama kama wengi wa mtaa ule. Mama wa nyumba ile alikuwa na oveni ya chuma iliyosimama kwenye sakafu ya saruji, na kila Jumapili alioka keki ya iliki. Ma Keki alikuwa akipepeta unga na kutazama. Wenye duka walipofunga na kuondoka, alirudi nyumbani na mambo matatu: bati la kuokea, harufu ya iliki kichwani, na imani isiyotikisika kwamba oveni ni sufuria tu iliyopata bahati. Akaolewa Ijuganyondo, akaanza kuoka kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, ndani ya jiko la nje lililozungukwa na migomba. Ladha, niwaambie ukweli, ilikuwa ileile ya mama wa dukani. Waliowahi kula kote kuwili wananiambia hivyo. Umbo ndilo lilikuwa na maisha yake binafsi. Keki za Ma Keki zilikuwa zikiinama. Zote ziliinama upande mmoja, kwa unyenyekevu, kama mtu anayesikiliza jambo kwa sikio zuri.

Angebaki kwenye keki za mviringo pengine tungezoea tu. Lakini yeye alipenda mambo makubwa. Kijana wa kijiji kimoja karibu na Rubya alipopata upadri, na kule seminari imekuwa jirani kwa muda mrefu hata kuku wanajua saa ya sala, familia ilitaka keki ya kawaida kwa ajili ya misa yake ya kwanza. Ma Keki akasema padri haletewi keki ya kawaida, atamwokea kalisi, kile kikombe cha divai ya misa. Alioka vipande, akavibandika kwa krimu, akapaka rangi ya dhahabu, na asubuhi ile tuliondoka Bukoba kwa pikapu ya kukodi, yeye mbele na kalisi mapajani, mimi nyuma na maputo. Hadi Muleba mjini kalisi ilikuwa kalisi. Baada ya kuacha lami ikaanza kubadilika. Shina likashuka na kunenepa, kikombe kikasinyaa na kuinama, na tulipofika chini ya turubai la sherehe, kilichotoka mapajani mwake, mbele ya wazee waliovaa kanzu na makoti, kilikuwa kibuyu cha lubisi. Shingo ya kibuyu, tumbo la kibuyu, mpaka rangi yake. Kila mtu aliyekulia kwenye kibanja cha migomba na kuonja pombe ya ndizi alikitambua.

Mama wa padri alifunika uso kwa kanga. Alikuwa amengoja siku hiyo tangu mwanawe alipoingia seminari akiwa mtoto, na sasa pombe imewekwa katikati ya meza ya upadri. Padri kijana alisogea, akaizunguka keki taratibu akiwa na mavazi yake mapya, kisha akasema: "Kalisi imebaki kanisani, mahali pake. Hiki ni kibuyu cha nyumbani. Karibuni." Akamkatia mama yake kipande cha kwanza, kutoka shingoni. Mama alikula, akacheka, akalia, akaomba kingine. Wazee wakapanga foleni, na mmoja wao alidai kwamba kipande chake kimemlevya.

Na mapambo, kwa kuwa alijifanya mpambaji pia. Kwenye jubilei ya miaka hamsini ya ndoa ya wazee wa jirani alitundika maputo mawili makubwa ya rangi ya fedha, tano na sifuri. Tano ikavuja upepo wakati wa hotuba, ikashuka polepole hadi chini ya meza, na sifuri ikabaki peke yake juu ya vichwa vya maharusi wa zamani. Mzee aliitazama, akamshika mkewe mkono, akasema basi wanaanza upya. Msimu mmoja wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, aliiacha keki ya kipaimara dirishani ikauke krimu, senene wakaijia kwa wingi wakanasa, na watoto walioalikwa wakawabandua mmoja mmoja kwenda kuwakaanga, wakaisahau keki. Yeye hakuona kosa lolote hapo. Alisema mgeni akija na kitoweo chake unamshukuru.

Niliwahi kujiuliza, kwa udadisi wa kazi yangu, kwa nini watu waliendelea kumwita. Bukoba sasa ina vijana wanaooka keki zilizonyooka kama nguzo za umeme, na Mwanza kuna maduka yanayoleta keki ya ghorofa kwa meli. Nikawauliza watu, mmoja baada ya mwingine, na majibu yao hayakufanana. Mmoja alisema ni kwa sababu Ma Keki alikuwa akifika mapema na kusaidia kuosha sahani. Mwingine alisema ladha. Bwana mmoja wa Kashai alinijibu jambo nililolifikiria kwa muda mrefu: alisema kwamba keki ya Ma Keki ikishaingia, hofu inatoka. Nilimwelewa. Siku hizi sherehe zetu zina woga mwingi. Mwenye sherehe anaogopa ukumbi, anaogopa rangi za vitambaa, anaogopa simu zilizoinuliwa kila upande zikingoja kitu kiharibike. Nilihudhuria harusi moja hapa mjini ambako keki ilikuwa na ghorofa tano, moshi ukafukizwa, muziki ukapigwa, maharusi wakashika kisu kwa pamoja, na kisu kikagoma. Ghorofa za juu zilikuwa boksi lililopakwa krimu. Mpambaji alikimbia kuwasogezea mikono hadi ghorofa ya chini, mahali palipokuwa na keki, na sote tukajifanya hatukuona. Tulikula vipande vidogo kwenye vijiti vya meno tukiwa tumenyamaza kama tupo kwenye mtihani. Zamani mgeni alipewa kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu, akatafuna, mazungumzo yakaanza. Keki ilikuja kuchukua nafasi ya kile kijikapu, na kwa Ma Keki ilifanya kazi ileile: iliwafungua watu midomo.

Sasa nije kwa mjukuu. Ni mhasibu, anafanya kazi Mwanza, binti mwerevu na mwenye adabu, na alipopata mchumba kutoka Moshi hakuna aliyefurahi kuliko bibi yake. Ma Keki alimwokea keki kila mwaka wa utoto wake, na alikuwa akiwaambia watu kwamba hizo zote zilikuwa mazoezi ya hii ya harusi. Lakini binti alikuwa ameshaona picha ya keki ya ghorofa nne, nyeupe, yenye maua yanayoteremka ubavuni, na alikuwa ameshaongea na waokaji wa Mwanza. Alikuwa anampenda bibi yake. Pia alikuwa ameiona picha ya diwani kwenye simu za wafanyakazi wenzake, wakiicheka, naye akanyamaza asiseme kwamba mwenye keki ndiye aliyemlea. Hilo alilisema mwenyewe baadaye, kwa hiyo simsengenyi.

Kamati ya harusi ilikaa sebuleni Ijuganyondo, nami nikiwa mjumbe kwa sababu ya ujirani. Suala la keki lilipofika, mwenyekiti, ambaye ni baba mdogo wa binti, alikohoa na kutazama dari. Shangazi mtu, aliyekuja kutoka Muleba na ambaye kwa mila zetu neno lake juu ya mugole, yaani bibi harusi, halipitwi kirahisi, ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kusema.

"Mama, tunakupenda," alisema kuelekea mlango wa jikoni, maana tulijua anasikiliza. "Lakini wakwe zetu wanatoka Moshi. Wao wanaleta ndafu, mbuzi mzima, amesimama kwa miguu yake. Sisi tuwapelekee keki iliyolala?"

Ma Keki alitokea mlangoni na mwiko.

"Mbuzi wao amesimama kwa vijiti," alijibu. "Vijiti hata mimi ninavyo."

Tulicheka mpaka mwenyekiti akapoteza mahali alipokuwa kwenye ajenda, ila kicheko hakikumaliza suala. Yalizungumzwa mengi. Wengine walitaka keki mbili, ya Mwanza ikae mbele na ya bibi ikae ndani kwa ajili ya familia. Hapo Ma Keki alikataa kabisa, akasema keki yake haijawahi kukaa nyuma ya pazia na haitaanza kwenye harusi ya mjukuu wake. Ama iwe mezani ama isiwepo. Mwishowe walikubaliana hivi: aoke keki moja ya majaribio, ailete kikao kijacho, na ikisimama, kazi ni yake. Binti, aliyekuwa akisikiliza kwa simu kutoka Mwanza, alisema sawa. Sauti yake haikuwa na furaha wala huzuni. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba jambo lijiamue lenyewe.

Wiki zilizofuata, majirani wote wa Ma Keki waliongezeka uzito. Alioka, ikainama, tukala. Akabadilisha unga, ikainama, tukala. Akalaumu mayai ya kisasa, akanunua ya kienyeji, ikainama vilevile. Siku moja alimwona fundi aliyekuwa anajenga ukuta wa jirani akitumia pimamaji, kile kifaa chenye kiputo cha hewa kinachoonyesha kama kitu kimekaa sawa, akamwita aje aipime keki. Fundi, kijana mcheshi, alikuja akiwa na tope mikononi, akaiweka pimamaji juu ya meza, kisha juu ya benchi, kisha akachuchumaa akaiweka chini.

"Mama," alisema, "keki haina kosa. Ni jiko."

Sakafu ya jiko lile ilikuwa inateremka kuelekea ziwani, kidogo tu, jicho halioni. Mafiga yalikaa juu ya mteremko, sufuria juu ya mafiga, na keki, kwa maisha yake yote motoni, ilikuwa inaumuka ikitazama ziwa. Ma Keki alikaa kwenye benchi akacheka mpaka akashika kiuno, akihesabu kwa sauti ni watu gani amewahi kuwagombeza kwa kumuuzia unga mbaya. Kisha akayageukia mafiga. Mafiga yale aliyakuta; yaliwekwa na mama mkwe wake, na siku alipoingia pale kama mugole ndiyo aliyoonyeshwa kwanza. Nilimuuliza kama ataona vigumu kuyaondoa. Alifikiri, akasema mama mkwe alikuwa anapika ndizi, na ndizi haziulizi. Akamwambia fundi anyooshe.

Fundi alinyoosha. Saruji ilipokauka, mafiga yakarudishwa, na keki iliyofuata ilitoka imesimama. Nilipigiwa simu nije na kamera yangu ya kazi. Nilimkuta amevaa gauni la Jumapili, keki iko mezani uani juu ya kitambaa cheupe, watoto wa jirani wamepanga mstari wa kuiangalia kama wanaopita mbele ya altare, na yeye amesimama mbali nayo hatua kadhaa, haigusi.

"Piga upesi," aliniambia, "kabla haijabadili mawazo."

Nikapiga, na kwa agizo lake nikaituma kwa mjukuu. Jibu lilikuja haraka, nikamsomea: Bibi, hii umenunua wapi? Alicheka tena, lakini kifupi. Akarudi kuitazama keki yake, akainamisha kichwa upande uleule keki zake zote zilikoinamia, kama anayejaribu kuiona vizuri. Akaniambia nijibu kwamba kuna duka jipya Ijuganyondo, mwenye duka ni mfupi. Nikajibu hivyo. Binti akatuma alama za kucheka. Keki tuliikata jioni ileile, kwa sababu alisema kuingojesha ni kuijaribu, na kwa kikao angeoka nyingine. Siku chache kabla ya kikao presha ikapanda, na kikao kikageuka kuwa kamati ya mazishi, wajumbe walewale, sebule ileile.

Tulimzika kwenye kibanja chake, kati ya migomba. Ulikuwa msiba wa vicheko kuliko wowote niliohudhuria. Kila aliyesimama kutoa neno alianza kwa huzuni, akafika kwenye keki, na hapo akashindwa kuendelea kwa kicheko. Diwani alikuja, akasema kwa unyenyekevu kwamba marehemu ndiye aliyemfundisha Kiswahili. Yule padri wa Rubya, sasa si kijana tena, ndiye aliyeongoza ibada. Nikiwa nimesimama pale niliona kitu ambacho kwa miaka mingi nilikuwa nikikitazama tu. Kila mtu pale alikuwa na aibu fulani ambayo Ma Keki aliwahi kumletea, na hakuna hata mmoja aliyekuwa bado ana aibu nayo. Kosa likiwekwa mezani mbele ya watu wote, likakatwa, na kila mmoja akapewa kipande chake, halina nguvu tena ya kumwaibisha mtu mmoja. Makosa yanayotutesa ni yale tunayoyapaka krimu na kuyapandisha ghorofa ya juu, tukiomba kisu kisifike huko. Hilo ndilo ninaloliweka mbele yenu leo, ninyi mlio kwenye kamati za harusi, za jubilei na za kipaimara: mkabidhini kazi mtu anayewapenda, na itakapoinama, inameni nayo kidogo.

Lakini ni rahisi kwangu kusema, mimi si bwana harusi wala mjukuu. Binti amebaki Ijuganyondo tangu mazishi. Amewapigia waokaji wa Mwanza na kuwaambia keki yao hataichukua, na hajaagiza nyingine. Harusi iko palepale, baada ya Pasaka, na watu wa Moshi wameshatuma salamu kwamba ndafu yao inanenepa vizuri. Juzi nilipita kuwajulia hali nikamkuta jikoni kwa bibi yake, amevaa kanga ya msiba, yeye, shangazi na yule fundi wa pimamaji, wakibishana kwa sauti za chini. Ameamua kuoka mwenyewe. Anasema hajui kama mkono wake utaufikia wa bibi, kwa hiyo angalau jiko liwe lile lililomlea. Anataka sakafu irudishwe kama ilivyokuwa.

Fundi alikuwa ameduwaa. "Dada, mwenyewe aliniita ninyooshe," alimwambia. "Alifurahi. Huyu mwandishi alikuwepo."

"Alifurahi kwa ajili yangu," binti alisema. "Mimi ndiye niliyetaka iliyonyooka."

Shangazi, ambaye nilitegemea angemaliza ubishi kwa neno moja, alisema safari hii hana neno. Wakanigeukia mimi, kwa kuwa niliiona ile iliyosimama na kuziona zote zilizoinama, niseme marehemu angetaka ipi. Niliwaambia nilichokiona, kwamba aliivalia gauni la Jumapili, na kwamba aliitazama akiwa mbali, na zaidi ya hapo sijui. Fundi akasema kunyoosha alisomea, ila kupindisha sawasawa na alivyopindisha mama mkwe wa marehemu hajui aanzie upande gani. Nilipoondoka alikuwa bado amechuchumaa mlangoni mwa jiko, kaiweka pimamaji chini, anakiangalia kile kiputo kilichotulia katikati, na hakuna aliyekuwa amemwambia aguse wala aache.